Nyumba ya kale yenye dari ya mbao: tuanzie wapi kujiandaa kwa moto?

Mtunza Nyumba

Wanajukwaa, natumaini hamjambo. Ninafanya kazi katika makumbusho madogo pembezoni mwa jiji la Nairobi. Ni nyumba ya mawe iliyojengwa miaka ya 1920, yenye paa la mabati, dari na sakafu za mbao, na vyumba saba vinavyofunguliwa kwa wageni. Ndani mna samani za familia iliyoishi humo, picha, barua, madaftari ya hesabu za shamba, na nguo kadhaa ambazo zikipotea hatuna pa kuzipata tena. Mchana tuko wafanyakazi sita. Usiku yuko askari mmoja.

Wiki tatu zilizopita, yapata saa mbili usiku, askari wetu alisikia harufu ya plastiki inayoungua, akazunguka nyumba, akaona moshi kwenye dirisha la chumba cha maktaba. Soketi iliyo nyuma ya kabati la vitabu ilikuwa inaungua polepole. Alikuwa na funguo za lango na za jikoni lakini hakuwa na ufunguo wa chumba kile, kwa kuwa zamani tuliamua kwamba funguo za vyumba vya maonyesho zikae na msimamizi ili kuzuia wizi. Alinipigia simu mimi, nami nikampigia msimamizi, ambaye alikuwa barabarani, amekwama kwenye msongamano wa magari. Kilichotuokoa ni kwamba breka ya umeme ilijikata yenyewe. Tulipofungua mlango tulikuta doa jeusi ukutani, ukubwa wa sahani, na ubao mmoja wa sakafu umeungua upana wa kiganja. Tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Uongozi wetu umetenga fedha kidogo, na pendekezo lililopo mezani ni kununua vizimamoto kumi. Sipingi vizimamoto, lakini usiku ule hata tungekuwa navyo hamsini, vingekuwa ndani ya mlango uliofungwa. Naomba ushauri wa wenye uzoefu: nyumba ya aina hii ijiandae vipi, na fedha hizi chache zianzie wapi?

Mstaafu wa Zimamoto

Ndugu Mtunza Nyumba, pole kwa mshtuko huo, na umpe askari wenu pongezi zangu, kwa sababu pua yake ilifanya kazi ambayo nyumba nyingi zimekabidhi mtambo usiokaguliwa. Nilifanya kazi ya zimamoto kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Katika maelezo yako nimeona jambo ambalo ningeliweka mbele ya mengine yote: mpango wenu ulitungwa kwa ajili ya watu sita wa mchana, lakini moto umemkuta mtu mmoja wa usiku. Andikeni mpango upya mkianzia kwake. Akiweza kuutekeleza yeye peke yake, gizani, mvua ikinyesha, basi wale sita wa mchana wataumudu.

Hili si jambo la Nairobi tu. Makumbusho ya Taifa ya Brazil, ambayo yalikuwa katika jumba la zamani la kifalme mjini Rio de Janeiro, yaliungua jioni ya Jumapili, tarehe 2 Septemba 2018, wageni wakiwa wamekwisha kuondoka. Katika kanisa la Notre-Dame mjini Paris, tarehe 15 Aprili 2019, kengele ililia mapema kabisa, lakini mlinzi alitumwa kwenda kukagua dari ya jengo la pembeni badala ya dari ya kanisa lenyewe, na takriban nusu saa ikapotea kabla ya zimamoto kuitwa. Mtambo ulisema kweli, ila mtu aliyeusoma hakuelewa ulichosema. Kwa hiyo mkinunua vitambua moshi, na ninawasihi mvinunue kabla ya hivyo vizimamoto kumi, hakikisheni askari anajua kila taa ya ubao wa vitambua moshi inamaanisha chumba gani, kwa jina analolitumia yeye mwenyewe. Kama yeye hukiita chumba cha maktaba "chumba cha vitabu," basi ubaoni pawe na "chumba cha vitabu."

La pili ni simu. Askari wenu alikupigia wewe, nawe ukampigia mwingine. Simlaumu, maana ndivyo askari wengi walivyofundishwa: asisumbue watu wa nje kabla bosi hajasema. Mpeni ruhusa ya maandishi, iliyotiwa saini na mkubwa kabisa wa makumbusho, kwamba akiona moshi anapiga 999 au 112, kisha namba ya moja kwa moja ya kituo cha zimamoto kilicho karibu nanyi, kabla ya kumpigia yeyote kati yenu. Pembeni ya namba hizo muandike maelekezo ya njia, kwa sababu hapa kwetu nyumba nyingi haziwezi kupatikana kwa namba ya mtaa. Mtu aliyeshikwa na hofu husahau hata jina la barabara anayoipita kila siku. Yaandikeni kama mnavyomwelekeza mgeni: ukipita kituo fulani cha mafuta, pinda kushoto kwenye kanisa, lango la kijani. Ayasome tu.

Tatu, njia yenyewe. Gari la zimamoto lililojaa maji lina uzito wa tani zaidi ya kumi. Kama mna kadaraja ka mfereji mbele ya lango, je, kataweza kulibeba? Matawi ya miti juu ya njia ya kuingilia yako kimo gani? Nimewahi kuona gari likisimama mita mia moja kutoka kwenye nyumba inayoungua kwa sababu ya nguzo mbili za lango zilizojengwa kwa urembo. Mwaliko haugharimu kitu: waombeni watu wa kituo waje na gari lao mchana mmoja wa utulivu, wajaribu kuingia, waone mabomba yako wapi.

Na maji. Rio, vituo vya maji ya zimamoto vilivyo karibu na jumba havikuwa na maji, ikabidi yatafutwe kwingine huku moto ukiendelea. Sisi tunaoishi na mgao wa maji hatuna udhuru wa kushangaa. Kama mna tangi la maji ya mvua, liwekeeni mdomo unaoingiana na mipira ya zimamoto, na muulize kituoni ni ukubwa gani kabla ya kununua.

Sasa umeme, ambao ndio uliowatembelea. Nyumba za umri huo zilitiwa nyaya kwa ajili ya balbu chache na pengine redio. Leo mna kompyuta, birika la umeme, kamera na taa za maonyesho. Muiteni fundi mwenye leseni, apime mzigo wa kila laini, na mumwombe jambo moja ambalo naamini litawafaa kuliko chochote kitakachouzwa na duka la vifaa: atenganishe laini ya vitambua moshi, kamera na taa za nje na laini za vyumba, halafu aweke swichi ya vyumba mahali ambapo anayefunga nyumba jioni ataizima akiwa anatoka. Soketi isiyo na umeme usiku haiwezi kuwasha moto. Na kabati lisirudi kuegemea soketi.

Mhifadhi wa Karatasi

Namshukuru Mzee kwa maelezo hayo, nami nitaongeza upande wa vitu vyenyewe, maana ndio ninaoshughulika nao kila siku.

Kuhusu vizimamoto, msinunue kumi vya aina moja. Vile vya unga, ambavyo ndivyo rahisi zaidi kupatikana, huzima moto wa aina nyingi, lakini unga wake ni laini mno na hula chuma na shaba. Ukiingia kwenye samani, picha na nyuzi za nguo, kuusafisha ni kazi ya miezi. Nimewahi kusafisha chumba ambamo moto wa pipa la taka ulizimwa kwa unga: moto ulikula pipa, unga ukala chumba. Kwa vyumba vyenye mbao na karatasi kizimamoto cha maji kinafaa, na karibu na sanduku la swichi na kompyuta wekeni cha gesi ya kaboni dioksidi, ambayo haipitishi umeme wala haiachi kitu. Vya unga vibaki jikoni na kwenye banda la jenereta. Lakini kila mfanyakazi akumbuke kwamba hivi vya gesi hutoa pumzi yao yote kwa muda usiofika nusu dakika. Ni vya moto mdogo, ambao bado mtu anaweza kuupa mgongo akatoka.

Jambo la pili ni orodha ya vitu vya kuokolewa kwanza. Kaeni chini wote sita, mjiulize: tukiambiwa na zimamoto kwamba tuna dakika kumi na watu wanne, tutatoa nini? Ubishi utakuwepo, na ni heri uwepo sasa. Mkimaliza hamtakuwa na orodha ya vitu mia. Pengine kumi na tano. Kila kitu kiwe na karatasi yake yenye picha, mahali kilipo, uzito, idadi ya watu wa kukibeba, na kama kinahitaji bisibisi kukitoa ukutani. Picha iliyofungwa kwa skrubu nne dhidi ya mwizi inamzuia pia mwokoaji. Na kwa kuwa orodha hiyo ni ramani nzuri kwa mwizi vilevile, iwekwe ndani ya bahasha iliyotiwa lakiri, nakala moja kwenye sanduku litakalowekwa langoni na nyingine nje ya nyumba kabisa.

Anayeingia kuokoa vitu ni zimamoto, au mfanyakazi aliyeruhusiwa nao. Kule Uingereza, nyumba ya Uppark ilipoungua tarehe 30 Agosti 1989, wafanyakazi, watu wa kawaida na wazimamoto walipanga mstari wakapokezana vitu hadi nje kwenye nyasi, na sehemu kubwa ya vitu vya ghorofa ya chini ikapona. Habari hiyo husimuliwa sana katika fani yetu, lakini iliwezekana kwa sababu moto ulianzia juu paani ukateremka taratibu. Chini ya dari ya mbao iliyokwisha kujaa moshi, haiwezekani. Hakuna barua wala gauni lenye thamani ya mapafu ya mtu, na hili liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa mpango wenu kwa herufi kubwa.

Halafu kuna maji, ambayo watu huyasahau. Chuo Kikuu cha Cape Town kilipopoteza ukumbi wa kusomea wa Maktaba ya Jagger, tarehe 18 Aprili 2021, milango ya kuzuia moto ilijifunga na kuokoa sehemu kubwa ya hifadhi zilizokuwa chini, lakini hifadhi hizo zikaingiwa na maji ya kuzimia, na watu wengi wa kujitolea wakalazimika kuzihamisha kreti kwa kreti. Karatasi iliyolowa huanza kuota ukungu ndani ya siku mbili hivi. Msianike madaftari juani, yatajikunja na kushikana. Msijaribu kuyafunua kurasa kwa kurasa yakiwa bado maji matupu. Yafungeni kwenye karatasi ya nta au mifuko safi, yapangeni kwenye kreti, na yapelekwe yakagandishwe, kwa kuwa barafu husimamisha ukungu na kuwapa miezi ya kufikiri. Zungumzeni leo na mfanyabiashara mwenye chumba cha kugandishia nyama. Mkimtafuta siku ya tatu baada ya moto mtakuwa mmechelewa.

Mkaguzi wa Usalama Kazini

Nitagusa sheria kwa ufupi. Makumbusho ni mahali pa kazi, na kanuni za kupunguza hatari za moto mahali pa kazi za mwaka 2007 zinataka zoezi la moto angalau mara moja katika kila miezi kumi na miwili, pamoja na ukaguzi wa usalama wa moto wa kila mwaka unaofanywa na mkaguzi aliyeidhinishwa. Ndugu Mtunza Nyumba, kama uongozi wako unasita kuhusu fedha, anzia hapo. Aidha, ikiwa nyumba yenu imetangazwa kuwa jengo la urithi chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, pateni idhini kabla ya kutoboa ukuta au dari kwa ajili ya nyaya mpya.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi katika habari yako ni hatua inayofuata, yaani kumleta fundi. Nyumba za kale ziko hatarini zaidi mafundi wanapokuwa ndani. Uppark, aliyoitaja Dada Mhifadhi, iliungua kutokana na mafundi waliokuwa wakiunganisha mabamba ya madini ya risasi ya paa kwa moto wa gesi, kazi ikiwa karibu kumalizika. Notre-Dame ilikuwa katikati ya ukarabati. Jengo la chuo cha sanaa cha Glasgow lililoungua mwaka 2014 liliungua tena mwaka 2018 likiwa bado linakarabatiwa, na mara hiyo ya pili likaharibika vibaya kuliko ya kwanza.

Kwa hiyo kazi yoyote ya kuchomea, kusaga chuma au kuyeyusha risasi iwe na kibali cha siku hiyo tu, chenye saini, kinachosema ni chumba gani, ni nani atakayesimama pembeni na kizimamoto, na kwamba kazi itakoma angalau saa moja kabla ya mafundi kuondoka, ili mtu abaki kuangalia kama kuna cheche iliyojificha kwenye mbao. Fundi atalalamika kwamba mnampotezea muda. Mwacheni alalamike. Na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani, yale ya kung'arishia samani, visirundikwe kwenye pipa la ndani, kwani vinaweza kupata joto vyenyewe hadi vikawaka pasipo mtu kuwasha kiberiti.

Niongeze neno kuhusu dari. Tarehe 29 Aprili 2015, nyumba ya Clandon Park huko Surrey, Uingereza, ilishika moto kutokana na hitilafu kwenye ubao wa kugawia umeme katika chumba cha chini, na moto ukapanda kupitia nafasi zilizofichika kati ya kuta na sakafu hadi paani. Kati ya vyumba vyake vyote vya fahari, ni kimoja tu kilichobaki kikitambulika. Nyumba yenu ni ndogo zaidi, lakini nina hakika kuta zinazotenganisha vyumba zinaishia kwenye dari, na juu ya dari ni uwazi mmoja mrefu chini ya mabati, kutoka maktaba hadi chumba cha kulala. Pandisha mtu mwenye tochi akaangalie. Mkiweza kuinua ukuta mmoja tu wa katikati hadi kwenye mabati, mtakuwa mmegawa nyumba sehemu mbili mbele ya moto. Wakati mnasubiri fedha za kazi hiyo, fungeni milango yote ya ndani kila jioni, kwani mlango mzito wa mbao uliofungwa vizuri huchelewesha moto na moshi kwa dakika ambazo zimamoto watazihitaji sana.

Mtunza Nyumba

Nawashukuru nyote kwa moyo mkunjufu; Mzee, shikamoo. Nilichapisha majibu yenu nikayapeleka kikaoni, na Ijumaa iliyopita tukafanya jaribio la kwanza, saa tatu usiku, bila kumwonya askari zaidi ya kumwambia kwamba katika wiki hiyo tutakuja. Nilimkabidhi kadi iliyoandikwa "moshi, chumba cha nguo," nikaanza kuhesabu. Alitumia dakika kumi na moja kufikia hatua ya kupiga simu, kwa sababu karatasi ya namba ilikuwa ndani ya ofisi iliyofungwa, na tochi yake haikuwa na betri. Tukarekebisha hayo mawili papo hapo, tukarudia. Mara ya pili alitumia dakika tatu. Askari ndiye aliyependekeza kwamba maelekezo ya njia yaandikwe kwa kuanzia stendi ya matatu, kwa sababu ndiyo anayoijua kila dereva. Tumeyaandika hivyo.

Suala la funguo limetusumbua zaidi. Msimamizi bado anahofia wizi, na hofu yake ina msingi. Tumekubaliana kuweka kisanduku cha chuma chenye kioo kwenye kibanda cha lango, ndani yake seti kamili ya funguo, kikiwa kimefungwa kwa kizibo chenye namba inayosomwa na kuandikwa kitabuni kila asubuhi. Kizibo kikivunjwa bila sababu, tutajua siku hiyohiyo.

Juu ya dari tulikuta uwazi mmoja, kama alivyosema Mkaguzi, pamoja na viota vya ndege juu ya nyaya zilizovuliwa maganda na panya. Vizimamoto sasa vitakuwa sita, vya aina tatu. Fedha zilizobaki zimeelekezwa kwenye vitambua moshi na kwa fundi wa umeme. Ninalo swali moja la mwisho: mjumbe mmoja wa bodi amependekeza mfumo wa kunyunyizia maji kutoka darini, na mwingine amesema katu, kwamba moshi wa sigara moja utalowesha nyumba nzima. Nani ana haki?

Mhifadhi wa Karatasi

Huyo wa pili amekosea, ingawa hofu yake ni ya kawaida. Kila kichwa cha mfumo huo hufunguka chenyewe kinapofikiwa na joto kali la moto. Moshi haukifungui, na kwa kawaida hufunguka kile tu kilicho juu ya moto. Karatasi iliyolowa ninaweza kuitengeneza, majivu siwezi. Hata hivyo kwa nyumba yenu nisingeanzia hapo: unahitaji tangi kubwa, pampu yenye umeme wake wa akiba, na mabomba yanayokaguliwa kila mwaka, na mfumo usiotunzwa utavuja juu ya madaftari yaleyale unaotaka kuyaokoa. Wekeni kwanza hayo mliyokwisha kuyaanza. Mkipata mfadhili, muombeni mtaalamu apime nyumba.

Mstaafu wa Zimamoto

Marahaba. Dakika tatu ni nzuri sana. Fanyeni tena baada ya mwezi, na safari hii mchague usiku ambao askari wa zamu ni yule wa kubadilishana naye, kwa maana naamini mlimfundisha mmoja tu. Na gari la kituo, mmelialika?

Mtunza Nyumba

Tumelialika, Mzee. Wanakuja Alhamisi saa nne asubuhi, na huyo askari wa pili ameombwa abaki baada ya zamu yake ili awaongoze mwenyewe kuanzia stendi ya matatu. Kesho tunakata matawi mawili ya mti ulio juu ya lango.